Bado Sijaondoka

Jumapili, 6 Oktoba

Programu ya tamasha la vitabu imefika. Karatasi nzito, nzuri, bado inanuka wino. Ukurasa wa kati: "Mwanamke na Kalamu Yake — mazungumzo ya waandishi watatu." Mwalimu, mimi, na wifi. Mimi na wifi jukwaa moja, kwa mara ya kwanza. Wasomaji wengi hawajui hata kwamba ni mke wa kaka yangu. Yeye anaandika kwa jina la kwao, mimi kwa jina la marehemu mume wangu.

Mama alitaka nimsomee. Nikasoma. Akauliza, kalamu ya mwanaume ina nini hata isitengewe siku yake? Kisha akasema familia yenye waandishi wawili italala njaa, kila mmoja anasubiri mwenzake ndiye ajisikie kupika. Tukacheka sana. Tangu binti yangu aende bwenini na binamu yake, nyumba hii haikuwa imecheka hivyo.

Picha yangu mbaya. Nimetoka kama mtu aliyeamshwa. Wifi ametoka vizuri — mdomo umefungwa, macho yanacheka.

Baada ya chakula kaka akapita kumpima mama presha. Yeye ni daktari wa meno, lakini kwa mama ni daktari wa kila kiungo. Akaichukua programu akaisoma yote, mpaka anwani ya mchapaji. "Mdogo wangu na mke wangu," akasema. "Nitakaa mstari wa mbele."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Mama alikuwa akitandika magazeti kwenye rafu za vyombo, na kaka alinibeba mabegani nifikie rafu ya juu, akishikilia miguu yangu. Shuleni niliingia tayari najua neno "bunge." Ningekuwa wapi bila mabega yale.

Jumatano, 9 Oktoba

Kikao cha maandalizi, ofisi za tamasha, ghorofa ya juu ya maktaba. Lifti mbovu. Mwalimu alipanda ngazi akisimama kila sakafu, akidai anatazama mandhari, na dirisha lenyewe linatazama ukuta. Ni mshairi, mkubwa wetu sote. Amefundisha nusu ya watu wanaoandika, na mpaka leo ukikosea sarufi mbele yake anakohoa.

Mtangazaji, binti wa redio atakayetuongoza, alikuja na maswali yake. La kwanza: je, mnajiita wafeministi? Mwalimu akasema neno hilo amelikuta ukubwani, lakini shughuli yenyewe aliianza msichana, siku alipokataa shairi lake lisomwe na mwalimu mkuu kwenye mahafali eti kwa sababu sauti ya kiume inasikika vizuri zaidi. Walimpa adhabu ya kufyeka. "Nilifyeka nikilisoma kwa sauti," akasema.

Wifi alichelewa. Skafu shingoni, na joto hili. Alipocheka nikaona jino la mbele — jeupe kuliko wenzake. Nikamuuliza.

"Jiwe kwenye mchele," akasema. "Bahati nina fundi ndani ya nyumba."

Kazi safi kweli. Ungedhani alizaliwa nalo, ila weupe tu.

Mtangazaji alitaka kuanza na kitabu cha wifi, na sura ya mwisho hasa. Ni kitabu cha insha kuhusu neno moja tu, "vumilia." Wifi amelifuata neno hilo kila linapokaa: harusini, jikoni, wodini, mahakamani. Wanawake wanakiazimana mpaka jalada linabanduka. Hata wasiosoma vitabu wamekisoma. Sura ya mwisho inaitwa "Ondoka."

Wifi akasema hapana, sura hiyo tuiache, watu wataiuliza wenyewe. Akalisema hilo akiangalia mikono yake. Nilishangaa. Mwandishi gani anaikimbia sura yake nzuri kuliko zote?

Ijumaa, 11 Oktoba

Tamasha limefunguliwa. Mahema uwanjani, meza za vitabu, spika zinazopiga kelele kabla ya mtu kuongea. Mgeni rasmi akasema mwanamke ni nguzo ya familia. Mwalimu akaniinamia: nguzo ni kitu kinachobaki kimesimama pale pale wenzake wakipita ndani kukaa.

Hayo nimeyaandika kwanza kwa sababu ndiyo mepesi.

Kabla ya picha za pamoja wifi alinivuta msalani. Zipu ya gauni lake ilikuwa imekwama mgongoni. Akavua skafu, akainamisha kichwa, akaniambia nivute. Nikaona. Vidole. Vimejichora chini ya shingo na juu ya bega, vingine vibichi, vingine vimeshageuka kijani kama tunda linalooza. Mkono mkubwa. Dole gumba mahali pake.

Mikono yangu ikasimama.

"Funga, wifi," akasema. "Watu wanasubiri."

Mlango wa choo ukafunguka, Mwalimu akatoka. Aliona. Akanawa mikono kwa muda mrefu, sabuni mara mbili. Akasema zipu za mgongoni lazima zilibuniwa na mtu asiyevaa gauni. Kisha akatoka nje akafunga mlango, akasimama hapo. Nilimsikia akiwarudisha watu: "Choo kibovu, nendeni cha upande wa pili."

Nikamuuliza wifi ni nani.

Alinitazama kwenye kioo. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Wifi. Unaniuliza ni nani?"

Nikafunga zipu. Sikuweza kufanya lingine. Tukatoka, na kaka alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa nje, ameshika mkoba wa mke wake na chupa ya maji, kifuniko kimeshalegezwa ili asihangaike kukifungua. Akaniwekea mkono kichwani, kama kawaida yake tangu utoto. Nikasimama chini ya mkono ule.

Picha ilipigwa. Wote tumetabasamu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika mchana huu, wifi amelala kwenye kitanda cha binti yangu. Nijaribu kufuata mpangilio.

Ukumbi ulijaa asubuhi mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kaka mstari wa mbele kama alivyoahidi, suti ya kijivu, mama pembeni yake amevaa gauni lake la ibada. Mimi sikuwa nimelala. Nilimwambia wifi tusipande, tuseme anaumwa. Akakataa. Akasema hapo jukwaani ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu anayemkatiza.

Mtangazaji alianza na Mwalimu. Je, mwanamke anaandika tofauti? Mwalimu akasema haijui hiyo tofauti, ila anajua tofauti ya maswali. Kila anapoalikwa huulizwa mume anasemaje, watoto kawaacha na nani. Mwenzake wa rika lake, mshairi wa kiume, ana watoto wengi kuliko vitabu, hajaulizwa hata siku moja. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Akasema kuna beti alizozipoteza njiani akikimbilia nyumbani kwa watoto ambao walikuwa salama salimini na baba yao. Alizikimbia kwa sababu ya swali tu. Hazikurudi.

Zamu yangu. Nikasema nikiandika mjane, wasomaji hunipa pole. Nikiandika mke aliyeachwa, hunitafutia mchumba. Riwaya iliyopita niliandika muuaji, mbona hamkai mbali? Wakacheka tena. Nikataka kuendelea — kwamba mwanaume akiandika wanasema ametunga, mwanamke akiandika wanasema amesema — lakini nikampisha wifi.

Wifi aliongea vizuri kuliko siku zote nilizomsikia. Bila karatasi. Akasema: ukimwambia mtu "subiri," ana haki ya kukuuliza mpaka lini. Ukimwambia "vumilia," hana. Neno hilo halina mwisho ndani yake. Ndiyo maana wanalipewa watu ambao hatutaki watuulize chochote. Nikamwangalia kaka. Alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kwa fahari, kama mtu anayesikiliza kwaya anayoidhamini.

Mzee mmoja akasimama akasema vitabu kama hivi vinavunja ndoa za watu.

"Ndoa ikivunjwa na kitabu, baba," wifi akamjibu kwa upole, "ilikuwa na ufa kabla kitabu hakijachapwa."

Makofi. Kaka naye alipiga makofi. Nilimwona.

Kisha akasimama binti mmoja karibu na mlango, amevaa sweta ya chuo cha uuguzi. Akaikataa maiki, akasema sauti yake inatosha, na haikutosha, ikabidi watu wanyamaze zaidi. Akasema ameisoma sura ya mwisho mpaka kurasa zimetoka. Anaishi na mtu anayempiga. Kitabu kinasema ondoka. Yeye haji kubishana na kitabu. Ila jinsi kilivyoandikwa, alijua mwandishi amepita huko. "Nilitaka tu kukuuliza, mama," akasema. "Wewe uliondokaje?"

Wifi alishika maiki kwa mikono miwili. Alikaa kimya muda ambao kwenye redio ungekuwa janga. Mtangazaji alifungua mdomo.

"Bado sijaondoka," wifi akasema.

Wachache wakacheka, wakidhani ni utani wa waandishi. Kicheko kikaishia njiani. Kaka hakuondoa tabasamu lake. Lilibaki pale pale, limesahauliwa usoni. Na mama — hili sitalisahau — mama hakumtazama wifi. Aligeuka akamtazama mwanawe.

Mtangazaji, maskini, akasema asante kwa jibu hilo la kina, akampa Mwalimu nafasi. Mwalimu akairudisha maiki mezani. "Anayeongea hajamaliza," akasema.

Lakini wifi alikuwa amemaliza. Alimwambia yule binti asiondoke ukumbini kabla hawajaonana. Basi. Maswali yakaisha, watu wakatujia na vitabu vya kusainiwa, na tulipofika mlangoni binti hayupo. Tukauliza. Hakuna aliyemwona akitoka.

Kaka alikuwa nje na funguo za gari mkononi. "Twende, mke wangu, umechoka." Akamshika mkono wa kulia. Mimi nikaushika wa kushoto. Watu wanapita, wanatupiga picha.

"Wifi atalala kwangu leo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Alinitazama. Akacheka kidogo, kwa ajili ya waliokuwa wanatazama. "Haya. Mkapige soga zenu." Akauachia mkono wake kidole kimoja kimoja.

Njia nzima mama alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani.

Jumapili, 13 Oktoba

Wifi ameongea. Asubuhi, mezani, chai imepoa mbele yake. Alianza kama mtu anayesimulia habari za jirani. Kwamba kaka alianza kumpiga baada ya mtoto wao kwenda bwenini, si kabla. Kwamba hampigi akiwa amelewa, maana halewi. Kwamba kitabu alikianza kwa ajili ya wanawake wengine kabisa — wale wa wodini, wa mahakamani — na alikuwa katikati ya sura ya nne siku ya kwanza aliposukumwa ukutani. Akamaliza sura ya nne. Akaandika ya tano. Ya mwisho, "Ondoka," aliiandika katika wiki moja akiwa amefungwa bandeji mbavu, na kaka akimletea supu.

"Niliiandika kama mtu anayejiandikia dawa," akasema. "Halafu sikuimeza."

Na jino. Hakukuwa na jiwe kwenye mchele. Kaka ndiye aliyelivunja, kwa kiwiko, kisha akampeleka kliniki siku ambayo muuguzi hayupo, akamlaza kwenye kile kiti, akamwekea ganzi, akalitengeneza. Kwa upole wote. Akimuuliza kila mara kama anaumia.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Sijui alisikia kuanzia wapi.

"Mwanangu hajawahi kuinua mkono," akasema.

Wifi akavua skafu, akaiweka mezani, akageuka amwonyeshe. Mama akaja karibu. Akanyoosha mkono wake, kidole kikakaribia alama, hakikugusa. Akarudi jikoni. Nikasikia maji yakifunguliwa na kufungwa, yakifunguliwa na kufungwa.

Aliporudi akasema: "Vumilia kidogo, mwanangu. Nitaongea naye. Mimi ananisikiliza."

Alilisema neno lile na hata hakujua amelisema. Wifi aliinama. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti, mpaka machozi yakatoka kweli.

Jioni kaka akaja. Mama ndiye aliyempigia. Wifi akajifungia chumbani, na mimi nikamkaribisha kaka yangu sebuleni kwangu kama mgeni. Alileta dawa za wifi kwenye mfuko, kila moja ameiandikia saa zake kwa mwandiko ule mzuri. Akampima mama presha. Akamwambia iko juu, apunguze chumvi. Kila kitu kama kawaida.

Nikamuuliza, "Ulimpiga?"

"Wifi yako ana ulimi, unamjua."

"Nimekuuliza kama ulimpiga."

"Mambo ya ndani hayatolewi nje. Wewe ni damu yangu, si yeye. Leo unasimama upande gani?"

"Na jino?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayedaiwa deni alilokwisha kulipa.

"Si nililitengeneza?"

Niliyatazama mabega yake. Nilitaka kumchukia, na haikuja. Kilichokuja ni kitu kama msiba. Nikasimama, nikafungua mlango, nikaushikilia. Alikaa kidogo. Kisha akainuka, akambusu mama kwenye paji la uso, akatoka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Imeshaenea. Kipande cha video cha sekunde chache: swali la binti, kimya, maneno mawili. Wengine wamekiwekea muziki. Wifi aliketi jikoni akasoma maoni yote kwa sauti, moja baada ya jingine, sauti ya msoma taarifa ya habari. Mganga hajigangi. Anauza dawa asiyokunywa. Mnafiki. Wanawake hawa wanawavunjia wenzao ndoa, zao wamezikumbatia. Halafu katikati ya hayo, mwanamke mmoja ambaye picha yake ni ua tu: "Na mimi bado." Chini yake mwingine: "Na mimi." Wakaendelea hivyo, majina na maua na picha za watoto, na wifi akasoma kila mmoja mpaka sauti ikakatika.

Waandaaji wamepiga simu kwa adabu nyingi. Kuna hafla ya kufunga, labda ingekuwa vyema apumzike. Nikawaambia atapumzika. Nami nitapumzika.

Mwalimu naye akapiga. Wifi akaweka simu juu ya meza tusikie wote. Akamwambia Mwalimu kwamba amewadanganya wasomaji wake, kwamba anataka kitabu kiondolewe madukani. Mwalimu akakohoa kile kikohozi chake cha sarufi. Akasema yeye ameandika mashairi ya mapenzi maisha yake yote kwa mtu ambaye hakusoma hata moja, na mashairi si ya uongo. Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema jana alienda chuo cha uuguzi kumtafuta yule binti. Getini wakamwambia wana wasichana mamia wenye sweta ile. Alikaa nje mpaka miguu ikavimba. "Sijampata," akasema. "Nitarudi kesho."

Wifi amekuwa akiniuliza hilohilo tangu juzi, hata katikati ya mazungumzo mengine. Yule binti alirudi wapi siku ile? Alirudi kwa nani?

Mchana wifi akaja akasimama mbele yangu, ameoga, amevaa shati langu. Akasema kesho ataenda hospitali wampime. Keshokutwa kituoni. Akaniuliza kama nitakwenda naye. Akasema nikikataa ataelewa, ni kaka yangu, hatanilaumu hata moyoni.

Nikasema nitakwenda. Nikasema haraka, kabla sijafikiri.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Mama ameondoka. Kaka alikuja kumchukua tukiwa hospitali na wifi. Kachukua mashine ya presha, gauni la ibada, mto wake. Kitanda kimetandikwa vizuri. Chakula ameacha jikoni kimefunikwa, cha watu wawili.

Nimepiga simu, hapokei. Kaka akapokea ya mwisho. Akasema, "Mama amelala. Amechagua mwenyewe." Akakata.

Daktari wa kike, kijana, aliandika kila alama, ndefu na fupi. Alimuuliza wifi kuhusu jino. Akalitazama kwa taa. Akasema ni kazi ya mtaalamu. Wifi akasema ndiyo.

Jumatano, 16 Oktoba

Niko kwenye benchi nje ya kituo cha polisi. Wifi yuko ndani na askari wa kike, mlango umefungwa. Mimi nimeshatoka. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Kwanza tulikaa mapokezi. Askari wa zamu alimtambua wifi kutoka kwenye simu yake, akamwita mwenzake aje aone. Wakaulizana kama ndiye. Wifi akasema, "Ndiye." Ndipo yule wa kike akatoka chumba cha nyuma, akawatazama tu, wakarudi kwenye kazi zao.

Ni mtu wa kawaida tu: mfupi, miwani ya kusomea, kikombe cha chai kimefunikwa na kisahani. Akaniita peke yangu kwanza.

"Wewe ni nani kwa mlalamikaji?"

"Wifi yake."

"Na kwa mlalamikiwa?"

"Mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja."

Kalamu ikasimama. Akavua miwani. Akaniuliza kama najua kwamba nitakayoyasema yatasomwa mahakamani, kaka amesimama pale ananisikiliza. Nikasema najua. Akaniuliza kama kuna mtu amenilazimisha kuja. Nikasema hakuna. Akasema siku nyingine dada za mume huja hapa, ni kweli, huja na chakula cha mume akiwa mahabusu. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anataja tu anachokijua.

Akataka nilichokiona kwa macho yangu na kukisikia kwa masikio yangu, si cha kuambiwa. Nikamwambia zipu, alama, dole gumba. Nikamwambia sebule yangu, na nilichouliza, na alichojibu kuhusu jino. Maneno mawili. Aliyaandika, kisha akataka niyarudie ayaandike kama yalivyotamkwa. Nikayarudia. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwawekea watu maneno mdomoni, sijawahi kuona maneno mazito kama yale, na si yangu.

Nikasaini. Jina langu la kuzaliwa, alilitaka hilo. Ni jina la kaka pia. Nimelitazama pale kwenye karatasi.

Nilipotoka wifi aliingia. Tulipishana mlangoni. Hakuniuliza nimesema nini, akanibana kidole tu.

Tangu hapo nimekaa. Jua limesogea mpaka miguuni. Mwalimu amepiga simu kusema yuko kwenye geti la chuo tena, amepewa kiti na mlinzi. Bado hajamwona.

Gari la kaka limeingia sasa hivi.

Limesimama chini ya ukuta, upande ule mwingine wa ua. Injini haijazimwa. Kaka ameshika usukani kwa mikono miwili, amenitazama kupitia kioo, nami nimemtazama. Sijui nani amemwambia tuko hapa. Pengine hajaambiwa, ananijua tu.

Mlango wa upande wa pili umefunguliwa. Mama ametoka. Amevaa viatu vya nyumbani. Kaka ameinama anamwambia kitu, mama hajageuka. Anakuja, polepole, mkono mmoja umeshika ubavu kama anavyofanya akipanda mlima, na hapa hakuna mlima. Amefika katikati ya ua akasimama.

Siwezi kuusoma uso wake. Amekuja kunizuia, au amekuja kuingia ndani, au amechoka tu kukaa garini. Anautazama mlango uliofungwa. Ananitazama mimi. Honi imelia mara moja, kwa upole, honi ya mtu mwenye adabu.

Mama hajaondoka pale alipo.

Nimechukua mkoba wangu kutoka kwenye benchi nikauweka chini. Nimesogea, ipatikane nafasi ya mtu mmoja.